Goti likiuma kwenye skii, usiitegemee baindingi peke yake

Msimu wa theluji ukikaribia tu, sisi wa kitengo cha fiziotherapia tunaanza kupokea maswali yaleyale, na safari hii yamekuja mengi na mapema, karibu yote ni ya magoti. Wenzangu wameniomba niandike kitu kimoja mtu anachoweza kukisoma kabla hajapanda lifti ya mlimani. Naongea na mtu anayeteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao mbili ndefu za miguuni, kwa kujifurahisha na goti lake linamsumbua au liliwahi kumsumbua. Wa mashindano wana madaktari wao.

Nianze na hili manake ndo linaloniumiza zaidi. Watu wanaamini baindingi, kile kishikizo kinachofunga buti kwenye skii, kipo kwa ajili ya goti. Jamani hapana. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Marekani, alibuni baindingi ya kufyatuka, yani inayoliachia buti ukianguka, mwaka 1937 baada ya yeye mwenyewe kuvunjika mguu, na mpaka leo kazi yake kubwa ni kuokoa mfupa wa muundi. Kwa kazi hiyo imefanikiwa, tangu miaka ya 1970 mivunjiko ya muundi imepungua sana, lakini goti bado linabeba takriban theluthi moja ya majeraha yote ya skii. Sababu ni rahisi: baindingi ya kawaida inaachia buti upande wa vidole mguu ukisokotwa pembeni, na inaliachia upande wa kisigino ukitupwa mbele. Goti mara nyingi linaumia wewe ukiwa umeangukia nyuma, makalio yako chini kuliko magoti, uzito wote uko kwenye mkia wa skii ya upande wa bondeni, ule ukingo wa ndani unakata theluji na kulizungusha goti, na baindingi haihisi chochote. Hapo ndo ligamenti msalaba ya mbele, ule ukanda ndani ya goti unaozuia muundi usikimbilie mbele, inakatika.

Watafiti watatu wa Marekani, Carl Ettlinger, Robert Johnson na Jasper Shealy, walichambua video za ajali za namna hiyo, wakawafundisha walimu wa skii na waokoaji kuitambua hali yenyewe kabla haijafika mwisho. Matokeo waliyochapisha mwaka 1995 ni kwamba majeraha makubwa ya goti kwa waliofundishwa yalipungua kwa asilimia 62, bila kifaa chochote kipya. Walichofundishwa ni hiki: mikono ibaki mbele, miguu ikae pamoja, viganja viwe juu ya skii. Ukishaanguka usinyooshe mguu, acha magoti yakunjike, na usijaribu kuinuka mpaka umeacha kuteleza kabisa. Watu wengi wanaumia wakati wanajaribu kuinuka huku bado wanakwenda, yani anguko lenyewe lingekuwa halina madhara yoyote.

Sasa maumivu ya kila siku, yale yasiyo ya ajali. Kama linauma mbele, nyuma ya pia ya goti (kile kifupa cha mviringo cha mbele), na linazidi ukishuka ngazi jioni, mara nyingi unateleza umekaa nyuma kama mtu aliyekalia kiti. Ukikaa hivo misuli ya mbele ya paja inavuta bila kupumzika na ile pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja siku nzima. Muundi wako uguse ulimi wa buti, uusikie kabisa, kifundo cha mguu kikunjike na siyo goti peke yake. Kama huwezi kukunja kifundo basi buti ni gumu mno kwako au limefungwa vibaya, peleka kwa fundi wa buti. Kama linauma upande wa ndani na bado unashuka kwa kutanua mikia ya skii ili kufunga breki, basi ni hiyo breki, inalisukuma goti kwa ndani saa nzima. Chukua masomo mawili ya kugeuka skii zikiwa sambamba, yatakusaidia kuliko mafuta ya kuchua. Kwenye lifti ya viti weka miguu juu ya kile chuma cha kukanyagia, manake buti na skii zikining'inia zinalivuta goti. Halafu mchana theluji ikishalainika na kuwa nzito, na wewe mapaja yameshachoka, hiyo raundi ya mwisho iache.

Fomu ya baindingi, ile unayojaza dukani fundi anapokufungia skii. Hapa naomba utulivu maana ndiko tunakopoteza muda mwingi. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri, na utajiweka katika moja ya aina tatu za wateleza kuanzia wa taratibu mpaka wa kasi, yeye mwenyewe anasoma urefu wa soli ya buti kwa milimita. Vitano hivyo vinaingia kwenye jedwali la kiwango cha kimataifa cha ISO 11088 na linatoa namba ya kufyatuka, yani nguvu inayotakiwa ili baindingi iliachie buti. Umri wa miaka 50 na kuendelea unashusha namba, na hilo siyo dharau kwa wazee wetu, ni mfupa na misuli. Ukidanganya uzito, ukipunguza kwa aibu, baindingi itafyatuka ovyo ukiwa kwenye kasi, ukiongeza au ukijiita wa kasi wakati siyo, haitafyatuka inapotakiwa. Utasaini, na saini ina maana umethibitisha hayo. Ukibadilisha buti, hata la saizi ileile, fomu inarudiwa kwa sababu soli zinatofautiana. Usipotoa taarifa kamili fundi ana haki ya kukataa kukufungia, na hajakuonea. Na ukiikaza baindingi mwenyewe kwa bisibisi baada ya kutoka dukani halafu ukaumia, kampuni ya bima ina pa kusimama kukataa dai lako, na aliyekukodishia anaweza kukataa kuwajibika. Nimeshakaa na watu wanalia kwa hilo. Soma masharti yako kabla.

Ukiumia, usishuke kwa kujikongoja. Skii mbili zisimikwe msalaba upande wa juu ya ulipo ili wengine waone, waokoaji waitwe, nawe ubebwe kwa machela. Kanuni kumi za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, ambazo zipo tangu 1967, zinasema kila mtu analazimika kusaidia aliyeumia, na mhusika au shahidi yeyote, mwenye kosa au asiye na kosa, lazima abadilishane utambulisho na wenzake. Kanuni ya tisa na ya kumi. Kuondoka tu kwa sababu "siyo mimi niliyemgonga" ni kosa, na kuna nchi mahakama inazitumia kanuni hizi kupima nani alizembea.

Kuna dalili mbili za kusikiliza sana. Kama ulisikia kitu kinalia ndani ya goti, na goti likavimba ndani ya masaa machache, uwezekano mkubwa ni damu iliyoingia kwenye kiungo, na ligamenti ile ya mbele ndo mshukiwa wa kwanza. Kama huwezi kupiga hatua nne, au huwezi kulikunja mpaka nyuzi 90, au unaumia ukibonyeza juu ya pia ya goti, au umri ni 55 na zaidi, unahitaji eksirei. Hapo tafadhali tuache hii habari ya kumeza vidonge viwili asubuhi na kurudi mlimani. Dawa inazima maumivu, goti lililolegea linabaki limelegea, na gegedo, ile tabaka laini inayozuia mifupa isisuguane, ndo linalipa.

Mikanda ya goti naulizwa kila siku. Kwa aliyeshakatika ligamenti au aliyefanyiwa upasuaji, ile yenye vyuma vya bawaba inaweza kumfaa kwa ushauri wa daktari wake. Kwa goti zima haina ushahidi wa kutosha, na soksi ya goti inakupa joto na kujiamini, haizuii goti kusokotwa. Aliyejengewa ligamenti mpya asirudi kabla ya miezi tisa, na siyo miezi peke yake, mguu upimwe nguvu ukilinganishwa na mwenzake. Najua mtaniletea mfano wa Lindsey Vonn, bingwa wa skii wa Marekani, aliyebadilishiwa sehemu ya goti kwa ya bandia mwaka 2024 na mwishoni mwa mwaka huohuo akarudi kwenye Kombe la Dunia. Ni kweli, na nilifurahi sana kumuona, ila nyuma yake kulikuwa na watu wanaofanya kazi ya goti lile kila siku. Wewe una wiki moja ya likizo.

Kwa hiyo anza wiki sita mpaka nane kabla. Kuegemea ukuta magoti yamekunjwa, kuchuchumaa kwa mguu mmoja taratibu, na usisahau misuli ya nyuma ya paja, hiyo ndo inaisaidia ligamenti kuzuia muundi usikimbilie mbele. Leo jioni simama kwenye ngazi mbele ya kioo, shuka kipandio kimoja polepole kwa mguu mmoja, mara kumi kila upande. Goti likiingia ndani au ukishindwa kufika kumi bila maumivu, njoo tukuone kabla hujalipia safari.