Chanjo asilimia 108: je, takwimu zimepikwa?

Wengi hapa Tanga wanaamini kwamba zahanati ikiripoti chanjo asilimia 108, basi kuna mtu kapika takwimu. Shaka hiyo inaeleweka. Watoto watazidije idadi yao wenyewe?

Asilimia hiyo ni dozi zilizotolewa, zikigawanywa kwa idadi ya watoto wanaotarajiwa eneo hilo. Dozi zinahesabiwa. Watoto wanakadiriwa tu kutokana na sensa, na kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 ilipita miaka kumi mizima. Tuseme makadirio ni watoto 250, wakachanjwa 270, wakiwamo wa dago la wavuvi na wa mashamba ya mkonge ya jirani: hiyo ndiyo 108.

Kupika nako hutokea, sikatai. Ukitaka kuhakiki, tazama chati ya chanjo, ambayo mara nyingi hubandikwa ukutani kliniki. Pengo kati ya mstari wa dozi ya kwanza ya Penta (chanjo ya kukinga magonjwa matano) na wa dozi ya tatu huonyesha watoto walioanza wasimalize. Mimi huliamini zaidi pengo hilo, maana halitegemei makadirio. Zipo pia tafiti za kaya, ambako wadodosaji hukagua kadi za watoto majumbani.