Dawa ya meno haiponyi rangi ya gari
Ujumbe huu haukomi kwenye makundi ya WhatsApp: umenunua Subaru Impreza iliyotumika, ina mikwaruzo, basi paka dawa ya meno, sugua, gari linakuwa kama jipya. Hapa Arusha wengi wameuamini.

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Haizibi mkwaruzo, inakwangua tabaka la juu linalong'aa, lile mafundi wanaloliita klia. Tabaka hilo mara nyingi lina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, chini ya unywele mmoja. Ukisugua ovyo linafifia, na klia iliyokwisha hairudishwi kwa polishi, inapigwa upya.

Pima mwenyewe. Osha gari, kisha pitisha ukucha. Ukikwama, mkwaruzo umezama. Usipokwama, mwagia maji: mkwaruzo ukipotea kwa muda, uko kwenye klia, na fundi mwenye kompaundi, yaani dawa maalum ya kusugulia rangi ya gari, anaweza kuupunguza au kuutoa kabisa. Ukiona praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, au bati, hiyo ni kazi ya rangi, na bati usiliache wazi, litashika kutu.

Picha ndizo zinazopotosha. Nyingine hupigwa gari likiwa bado bichi, au masalia ya dawa yameuficha mkwaruzo kwa muda, hasa kwenye gari jeupe. Likioshwa mara mbili tatu, mkwaruzo uko palepale.

Na vumbi letu hili, jamani, msilifute kwa kitambaa kikavu, linakwaruza sana.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyeutuma, kwa upole, kipimo cha ukucha.