Biblia haina kosa: hii imani ilitoka wapi?

Jumatano kwa felowshipu yetu hapa Kondele, Kisumu, kijana mmoja alifungua Mathayo 27:9 akauliza, mbona Mathayo anasema nabii ni Yeremia, na vile vipande thelathini vya fedha ukivitafuta kwa Yeremia huvipati, viko Zekaria 11? Kukawa kimya kidogo halafu kelele. Mama mmoja akafunga zipu ya Biblia yake akamwambia, "Mwanangu, neno ni neno, ukianza hivyo utapotea." Kaka wa nyuma naye akasema ati mambo ya Biblia kutokosea yaliletwa juzi na Wamarekani. Niliumia sana, juu wote wawili hawakuwa sawa na kijana alienda bila jibu.

Nianze na huyo kaka. Augustino, askofu wa Hippo, mtu wa Afrika hii yetu, pale Algeria ya leo, alimwandikia Yeronimo, yule mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, karibu mwaka 405 kwamba anaamini kabisa waandishi wa vitabu vya Biblia hawakukosea popote, na akikuta kitu kinaonekana si kweli basi ama nakala ina makosa, ama mtafsiri hakushika maana, ama yeye mwenyewe hajaelewa. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu moja kabla kuwe na nchi inaitwa Marekani. Na wale wa kusema Kaisari Konstantino alipitisha haya kwa mkutano wa maaskofu kule Nikea mwaka 325, hapana, kule ubishi mkubwa ulikuwa wa kasisi Ario, kama Mwana ni wa asili moja na Baba, hawakukaa kuamua kama Biblia ina makosa.

Sasa yule mama, na hapa ndipo watu wengi wa kanisa hukwama. Tunadhani ukiamini Biblia haina kosa lazima kila mstari uuchukue vile ulivyo, na kwamba wakristo wa zamani wote walifanya hivyo. Si kweli. Origene, mwalimu wa kanisa, katika karne ya 3 alifundisha kuna mahali Roho ameweka mambo ambayo hayakutokea kihalisi ili tutafute maana ya ndani. Augustino huyo huyo aliona Mungu aliumba vyote kwa mara moja, zile siku sita hazikuwa siku kama zetu. Na Calvin, mwanamageuzi wa kanisa wa karne ya 16, ambaye hakuna mtu anaweza kumwita mpinga Biblia, alipofika kwa mstari huo huo wa kijana wetu aliandika wazi kwamba jina la Yeremia limewekwa hapo kimakosa badala ya Zekaria, hajui liliingiaje, na hajisumbui sana kutafuta. Calvin! Na hakuna aliyemwambia atapotea.

Vile tunavyolisema siku hizi hili jambo la Biblia kutokosea, na ufafanuzi wake wote, ndivyo vipya. Wasomi wa Ujerumani walikuwa wanaichambua Biblia kama kitabu kingine chochote, Darwin naye akatoa kitabu chake cha mageuzi ya viumbe 1859, ndipo 1881 A. A. Hodge na B. B. Warfield, wanateolojia wa Marekani, wakaandika kwamba kutokosea ni kwa maandiko ya kwanza kabisa yaliyotoka kwa mikono ya waandishi. Baadaye vikaja vijitabu vya kutetea imani vya The Fundamentals, 1910 hadi 1915, na tamko la Chicago la 1978, la viongozi wa kiinjili kuhusu Biblia kutokosea. Wamishenari wa Marafiki (Quakers) walifika Kaimosi kutoka Marekani mwaka 1902, yaani Biblia ilifika kwetu huku Magharibi mwa Kenya ubishi ukiwa moto kwao.

Na hilo tamko la Chicago lenyewe linasema uvuvio, kwa maana kamili, ni wa yale maandiko ya kwanza, tafsiri ni Neno la Mungu kwa kadiri inavyoyafuata kwa uaminifu. Hakuna hata kipande kimoja cha maandiko hayo kilichobaki, tuna nakala za nakala. Kwa hivyo ukisema hii Biblia yangu ya Kiswahili, Union Version, haina kosa hata la herufi, umesema kitu ambacho hata wao hawakusema.

Nimeprinti kwa saiba ule ukurasa wa Calvin. Jumatano nitaketi karibu na huyo kijana, na mama pia nitamwonyesha, tuusome pamoja polepole.