Nukta Kwenye Transfoma ya Sauti

"Fundi, mbona kinanda kinalia kama kiko chooni?"

Mpiga kinanda aliniuliza hivyo tukiwa kwenye majaribio ya sauti, na hakuwa amekosea. Dakika chache kabla, kinanda kilikuwa kinanguruma kwa sababu ethi (waya wa ardhini) ya jukwaani na ethi ya mezani kwangu zilikuwa zinazungushiana umeme kupitia waya wa sauti. Nikachomeka kisanduku nilichokiunda mwenyewe usiku uliopita: transfoma mbili, moja ya kushoto, moja ya kulia, ambazo hupitisha sauti kwa usumaku kutoka koili moja hadi nyingine bila waya kugusana. Mngurumo ukakatika papo hapo. Tatizo ni kwamba besi nayo ilikatika, na kilichobaki kilikuwa chembamba kama redio ya mkulima shambani.

Spika za ukumbi ule zilikuwa mono, yaani kushoto na kulia vinajumlishwa kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti. Transfoma moja nilikuwa nimeifunga kichwa chini miguu juu. Kushoto kukisukuma, kulia kunavuta. Chochote kinachofanana pande zote mbili, na besi ya kinanda karibu yote hufanana, kinajifuta. Kinachosalia ni zile tofauti ndogo tu, mwangwi na madoido.

Transfoma zile nilizitoa kwenye mtambo mbovu, za ohmu 600 kwa 600, na rangi za waya zilikuwa zimefifia hata huwezi kujua kahawia ni ipi na nyekundu ni ipi. Mtengenezaji huweka nukta kwenye mchoro kuonyesha ncha zinazokwenda pamoja: ncha yenye nukta ya praimari (koili ya kuingilia) ikipanda juu, yenye nukta ya sekondari (koili ya kutokea) nayo inapanda wakati huohuo. Mimi nukta sikuwa nazo. Nikabahatisha.

Kubahatisha hakukuwa na sababu, maana kipimo chake ni cha dakika mbili. Unganisha ncha moja ya praimari na ncha moja ya sekondari. Kwenye praimari tia mlio wa Hz 200 (mitetemo 200 kwa sekunde) kutoka kwenye simu kupitia amplifaya ndogo, pandisha taratibu hadi mita isome volti 2 za AC. Kisha pima kati ya zile ncha mbili zilizobaki huru. Ukipata karibu sifuri, ncha ulizounganisha ni za upande mmoja: ziwekee nukta zote mbili. Ukipata karibu 4, umeunganisha mwanzo na mwisho. Usipande hadi Hz 1000, kwa sababu mita nyingi za bei rahisi hudanganya zikivuka Hz 400 hivi. Na umeme wa ukutani usiusogeze hapo kabisa.

Wako mafundi wanaopima kwa betri ya volti 1.5 na mita ya mshale, wakitazama mshale unaruka upande gani. Kwa transfoma kubwa ya amplifaya sina ugomvi nao. Kwa transfoma ndogo ya maiki mimi sithubutu: umeme wa betri unaweza kuacha usumaku kwenye kiini, yaani chuma cha katikati ya koili, na besi ikaanza kukwaruza.

Kama kila upande una koili mbili, kosa lina adhabu kubwa zaidi. Kuzifunga kwa mfululizo, mwisho wa ya kwanza unakutana na mwanzo wa ya pili. Kuzifunga sambamba, mwanzo kwa mwanzo, mwisho kwa mwisho. Sambamba unatumia nusu ya mizunguko ya waya, kwa hiyo ohmu 600 za mfululizo zinakuwa 150, si 300, kwani ohmu hufuata kipeo cha pili cha mizunguko. Ukigeuza koili moja, usumaku wa hii unaua wa ile. Kilichobaki ni ukinzani wa shaba tupu, na kifaa kinachoilisha kinaona kama shoti.

Sasa hili neno fezi. Fundi umeme akisema fezi anamaanisha waya wenye moto, na watu wa sauti tumeliharibu kwa namna yetu: kitufe cha Ø mikisani tunakiita cha fezi, ilhali kinageuza ncha tu, besi na treble kwa pamoja. Fezi halisi huja na muda. Ukichelewesha sauti kwa milisekunde 1, Hz 500 inapinduka kabisa, Hz 1000 inarudi pale pale kana kwamba hakuna kilichotokea. Transfoma yenyewe nayo husogeza fezi kidogo kule chini kwenye besi, hasa kiini kikiwa kidogo, na hilo kugeuza waya hakulitibu.

Usiku ule sikuwa na chuma cha kuchomea. Nilikuwa na waya wa ziada wa XLR, ule wa maiki wenye pini tatu, ambao kichwa chake hukazwa kwa skrubu; nikakifungua na bisibisi, nikabadilishana pini ya 2 na ya 3. Besi ikarudi. Kisanduku nilikitengeneza vizuri siku iliyofuata, nukta ya kuingilia na nukta ya kutokea zote kwenye pini ya 2, kama kiwango cha 1992 cha AES, chama cha wahandisi wa sauti, kinavyotaka. Nukta zenyewe ni za rangi ya kucha niliyoazima kwa dada yangu. Bado ananidai.