Simu, usingizi na hamu ya kazi: maswali ya foleni ya Alhamisi

Mimi ni muuguzi. Kila Alhamisi asubuhi, kabla kliniki haijaanza, natoa somo la afya kwa walio kwenye foleni. Nikifundisha presha, watu wanasinzia. Siku nilipogusia simu na kukosa umakini, mama mmoja alipitwa na namba yake mara mbili akisubiri zamu ya kuuliza. Haya ndiyo maswali yanayojirudia, na majibu yake kwa urefu ambao foleni hainiruhusu.

Dada, nikikaa kusoma, dakika kumi haziishi mkono uko kwenye simu. Huu si uvivu?

Mvivu angelala. Wewe mkono wako unachapa kazi, tena bila kutumwa. Hayo ni mazoea. Ubongo umeshika mfuatano: kinatokea kitu cha kukukera kidogo (sentensi ngumu, foleni, ukimya wa nyumba), unashika simu, unapata cha kukupumbaza. Mfuatano huo ukirudiwa vya kutosha, mkono hausubiri tena ruhusa.

Nilijipima mwenyewe. Jumamosi moja niliweka kikombe kitupu na bakuli la punje za mahindi juu ya meza ya jikoni. Kila nikishika simu bila kupigiwa na bila sababu ninayoweza kuitaja, natia punje moja kikombeni. Kufika adhuhuri zilikuwa 31. Mara tatu nilizikumbuka punje nikiwa tayari nusu ya video ya mtu anayemenya nanasi. Sina shida yoyote na nanasi. Lakini kuliko idadi, nilijifunza zilikuwa zinaingia saa ngapi: nyingi ziliingia pale nilipokwama, hesabu za kikoba zikigoma kujumlika, au maharage yakikawia kuiva. Nilikuwa nakimbia kero ndogo ndogo, basi.

Fanya hivyo siku moja kabla hujaanza kujilaumu. Usibadilishe chochote siku hiyo, hesabu tu.

Watu wanasema simu inamaliza dopamini kichwani, ndiyo maana hatuna hamu ya kazi. Kweli?

Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na mwendo wa mwili, haiishi kama umeme wa luku. Wanaopungukiwa kweli, kwa sababu seli zinazoitengeneza zimekufa, ni wagonjwa wa Parkinson, na dalili zao ni kutetemeka, viungo kukakamaa na mwendo kuwa mzito. Hilo halina uhusiano na kuangalia TikTok.

Ukweli wenyewe unavutia zaidi. Miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alipima seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika mdomoni. Nyani walipokwisha kujifunza kwamba kuna ishara inayotangulia juisi, seli zikawa zinachangamkia ishara, na juisi yenyewe, kwa kuwa ilishatarajiwa, haikuzishtua tena. Juisi isipokuja, zinanyong'onyea. Kwa hiyo dopamini inafuata matarajio na mshangao kuliko utamu wenyewe.

Anayebeti analijua hili bila kusoma kitabu. Timu tano kwenye mkeka, nne zimeshinda, ya tano inasawazishiwa dakika ya 90. Mkeka umechanika, lakini hasira zile zile ndizo zinazomfanya aandae mwingine kabla hajalala. Ukilipwa bila kujua utalipwa lini, unarudi zaidi kuliko aliyehakikishiwa malipo. Simu iko hivyo hivyo: jumbe tisa kwenye kundi la ukoo ni "Amina" na picha za maua, wa kumi una habari unayoitaka. Kama ungejua ni upi, ungefungua huo tu ukaendelea na shughuli zako.

Ndiyo maana kitabu kinaonekana kizito. Malipo yake yako mbali, mwezi wa mtihani, na pembeni yake kuna kitu kinacholipa sasa hivi. Kuna kile kinachoitwa "mfungo wa dopamini", yaani kujinyima simu na vivutio vingine kwa muda, kilichovuma mwaka 2019. Jina hilo silipendi: dopamini unaihitaji hata kunyanyua kikombe cha chai, huwezi kuifunga. Unaweza kujinyima tendo fulani kwa muda fulani, na hilo linasaidia.

Lakini mimi nachungulia sekunde mbili tu, kisha narudi kwenye kazi.

Macho yanarudi. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy, huko Marekani, alionyesha kwamba ukihama kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza, sehemu ya mawazo hubaki kule ulikotoka, na kazi ya pili inafanyika vibaya zaidi. Umechungulia sekunde mbili, umeona shangazi kaandika "Tuongee leo, ni muhimu." Umefunga. Nani anasoma sasa?

Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amewapima watu wakiwa mbele ya skrini kwa miaka mingi. Mwaka 2004 mtu alikaa kwenye kitu kimoja kwa wastani wa dakika mbili na nusu hivi kabla ya kuhama. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaleta sekunde 47 hivi. Na katika kazi zake amekuta pia kwamba mara nyingi hakuna aliyetukatiza: tunajikatiza wenyewe.

Bando la usiku ni rahisi, kwa hiyo natumia intaneti kuanzia saa sita usiku. Asubuhi sina hamu ya chochote. Vinahusiana?

Hapa naomba tukae kidogo, maana kwa maoni yangu hapa ndipo penye tatizo la wengi wanaodhani wameishiwa motisha.

Kijana mmoja wa chuo alinionyesha alamu yake: saa 5:55 usiku. Si ya sala wala ya kujisomea. Ni ya kuamka awahi bando. Analala saa mbili usiku, anaamka kwa alamu, anapakua na kuperuzi hadi saa tisa, analala tena, saa kumi na mbili na nusu yuko kwenye daladala. Aliniambia amekuwa mzembe. Nikamwomba tujumlishe saa za usingizi kwenye karatasi, zikaja saa saba hivi, akafurahi: si zinatosha? Shida ni kwamba zimekatwa vipande viwili, na cha pili kinaanza akili bado inachemka.

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba, kijana wa sekondari nane hadi kumi, na inafaa ziwe mfululizo. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo na kukuletea usingizi, ukilala inapungua. Mwanga wa skrini nao huchelewesha melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba ni usiku. Ila mimi mwanga siulaumu sana kuliko kilichomo: mjadala wa siasa saa saba usiku utakunyima usingizi hata skrini ikiwa hafifu kama kibatari.

Mwaka 2012 Nora Volkow na wenzake, huko Marekani, walipiga picha za ubongo wa watu waliokeshwa usiku mmoja. Vipokezi vya dopamini (sehemu za seli zinazoipokea) vilivyoonekana kwenye eneo linalohusika na hamu na tuzo vilikuwa vichache kuliko walipokuwa wamelala vizuri. Usiku mmoja tu. Kwa hiyo yule anayetafuta motisha asubuhi kwa video za wahamasishaji aangalie kwanza alilala saa ngapi.

Na kahawa? Inaziba njia ya adenosini, haiiondoi. Nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini baada ya saa tano hivi: uliyokunywa saa 11 jioni, nusu yake ipo saa 4 usiku. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva wa bodaboda wanavipenda, ni hivyo hivyo, na sukari juu.

Bando la usiku lina faida moja, kupakua vitu vikubwa. Kama programu yako inaruhusu kupanga upakuaji, panga, simu ifanye kazi yake sebuleni wewe ukiwa chumbani. Nunua saa ya mezani ya kuamkia, ili simu isiwe na kisingizio cha kulala kitandani.

Simu ndiyo duka langu. Nauza vitenge, wateja wako WhatsApp, malipo yanaingia humo humo. Nitaizimaje, dada?

Usiizime. Tenganisha pesa na kelele. Mlio wa wateja na wa malipo uache, makundi yote yanyamazishe, kuanzia na la michango ya harusi (mweka hazina atakutafuta tu, usiwe na hofu). Kama uwezo upo, laini ya biashara iwe kwenye kile kisimu kidogo cha vitufe, mteja apige. Pia wazoeshe: andika kwenye wasifu wako kwamba oda zinajibiwa saa nne, saa nane na saa kumi na mbili jioni. Muuza samaki wa jirani yangu alifanya hivyo akiogopa kukimbiwa. Wateja walianza kumtumia oda zilizokamilika, badala ya "Mambo?" halafu kimya.

Inatosha kuigeuza kifudifudi mezani?

Chumba kingine ni bora. Mwaka 2017 Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin na wenzake waliripoti kwamba walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili kuliko walioiweka mezani, hata ikiwa kimya. Waliorudia baadaye hawakupata wote matokeo hayo, kwa hiyo siapi. Lakini sababu ya pili haihitaji utafiti: ukilazimika kuinuka kitini kuifuata, unapata muda wa kujiuliza unaifuatia nini.

Chakula kina mchango?

Kinao, hasa kupitia damu. Upungufu wa damu huchosha na kupoteza umakini, na wanawake wengi wanaunao bila kujua. Chai ya rangi pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye maharage na mboga. Inywe saa moja mbele au nyuma. Kwa mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo.

Nitajuaje kama ni simu, au naumwa?

Ukilala vizuri na kupunguza simu kwa wiki mbili hivi, ukachangamka, umejijibu. Kama hakuna kilichobadilika, njoo tupime damu, sukari na, ikibidi, tezi ya shingo. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna furaha hata na vile ulivyovipenda, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, unajiona hufai, hiyo inaweza kuwa sonona, na inatibika. Mara nyingi mwenye sonona anajificha ndani ya simu, kisha nyumbani wanailaumu simu. Ukifikia kuwaza kujidhuru usisubiri Alhamisi: mwambie mtu aliye karibu, msindikizane hospitali leo hii.

Mwenye kubeti hadi kula nauli naye aje. Hilo lina jina la kitabibu, na mimi siwahubirii watu.

Dada, na wewe punje zako sasa ni ngapi?

Juzi 14. Jana kulikuwa na kikao cha harusi, kikombe sikukitoa kabatini.