Mla-asali mweusi: ndege anayeishi kwa kufuata maua

Jina lake linapotosha kidogo. Mla-asali mweusi (kisayansi *Sugomel nigrum*) hali asali ya nyuki. Anachofyonza ni nekta, ule umajimaji mtamu ulio ndani ya ua. Ukimwona kwa mara ya kwanza utasema ni yule ndege aitwaye chozi: mdogo, gramu kama kumi tu, mdomo mwembamba uliopinda. Lakini hana undugu wa karibu na chozi wetu. Yeye ni wa jamii ya Meliphagidae, ambayo Afrika haipo kabisa, na kwao ni nyika kavu za ndani ya Australia.

Dume ndiye mweusi, kichwa hadi mkia, tumbo jeupe lenye mstari mweusi unaoshuka katikati kutoka kifuani. Jike ni wa rangi ya udongo.

Ramani za ndege humchorea eneo kubwa mno, kuanzia Australia Magharibi hadi magharibi mwa Queensland na New South Wales. Usidhani basi kwamba ukienda popote humo utamkuta. Anahamahama kama mfugaji anayetafuta malisho, na malisho yake ni maua, hasa ya vichaka vya Eremophila. Mvua ikinyesha na vichaka vikachanua, mahali palipokuwa kimya panajaa ndege. Maua yakikauka, wanaondoka. Upo mwelekeo wa kushuka kusini majira ya kuchipua na kiangazi, ila mwenye neno la mwisho ni mvua.

Kuzaliana nako ni hivyohivyo. Mara nyingi ni kati ya Julai na Desemba, lakini neema ya mvua inaweza kuwaanzisha wakati mwingine. Dume huruka juu akiita, kisha hulinda eneo lake kwa ukali. Kiota ni kikombe kidogo cha vijiti na nyasi kilichofungwa kwa utando wa buibui, kwenye panda ya kichaka, si juu sana. Mayai huwa mawili au matatu.

Kinachonivutia zaidi ni majivu. Msimu wa kutaga, majike huonekana kwenye mabaki ya moto wa kambi, pale wasafiri walipopikia chai na kuondoka, wakidonoa majivu. Si vituko. Ganda la yai linahitaji kalsiamu, na nekta ina sukari tele lakini kalsiamu karibu hakuna. Majivu ya kuni yanayo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jike anafidia kile mayai yanachomtoa mwilini, na kinachoyapa nguvu ni kwamba madume, wasiotaga, hawaonekani sana jivuni. Wadudu anawala pia, huwadaka hewani, lakini inaelekea hawamtoshi kwa kazi hiyo.