Tovuti Nzito, Lawama kwa Bando

"Mtandao tu huo, kaka. Kwangu inafunguka fasta." Ndilo jibu la watengeneza tovuti ukiwaambia tovuti yao ni nzito. Kauli hii nimeisikia Posta, nimeisikia Mikocheni, na juzi kanipa tena kijana mwenye MacBook na faiba ya ofisi. Basi leo naandika.

Mtandao una matatizo yake, sibishi. Picha zibaneni, tumieni WebP, aina nyepesi ya faili la picha, fonti mbili zinatosha, video isijicheze yenyewe. Hayo mnayajua.

Kinachonikera ni hesabu ya kilobaiti, hasa za JavaScript, msimbo unaofanya vitufe na menyu vifanye kazi. "JavaScript yetu KB 300 tu, hata picha ya bango inazidi hapo." Kilobaiti hazilingani, jamani! Picha ikifika, kivinjari kinaifungua na kuichora, basi. Tena kazi hiyo mara nyingi hufanyika pembeni. JavaScript ikifika ndiyo kwanza kazi inaanza. Hizo KB 300 zimesafiri zikiwa zimebanwa; zikifunguliwa zinaweza kupita MB 1. Zisomwe, zitafsiriwe, ziendeshwe, na uendeshaji wake ni kwenye uzi mkuu, yaani foleni ya kivinjari inayofanya kazi moja baada ya nyingine, huohuo unaosikiliza vidole vya mtumiaji. Ni daladala ambayo dereva ndiye konda: akikusanya nauli, gari limesimama.

Kwa hiyo mteja mwenye simu ya bei poa ya Kariakoo anaona kitufe cha "Lipia", anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena. Bando lipo, 4G imejaa. Iliyoishiwa pumzi ni prosesa. Ikija kuzinduka, huenda ikatekeleza mibonyezo yote kwa mpigo, halafu mnashangaa oda mbili zimetoka wapi.

Hapo ndipo naambiwa, "Tutachora kwenye seva," yaani ukurasa uje simuni ukiwa umeshaundwa. Vizuri, ukurasa utaonekana mapema. Lakini kama baadaye mnateremsha React, maktaba ya JavaScript ya kuundia kurasa, na msimbo uleule wote ili kuuhuisha, yaani vitufe vianze kuitika, kitufe mmekiwahisha kuonekana, hamjakiwahisha kufanya kazi. Tangu Machi 2024 Google wana INP kati ya vipimo vyao vikuu vya kurasa, yaani muda kati ya kubonyeza na skrini kuonyesha jibu: ukurasa ukijibu ndani ya milisekunde 200, mzuri. Faiba yenu haiingii hapo. Fungueni zana za wasanidi za Chrome, punguzeni kasi ya CPU, yaani prosesa, mara 6, kisha tuongee.

Je, React naitupa? Thubutu! Dashibodi yenye majedwali na fomu zinazotegemeana siiandiki kwa mkono, nina familia. Tena kuna jambo sijui kulitetea vizuri: mara nyingine naichagua hata kwa ukurasa usioihitaji, kwa sababu nikiondoka kwenye mradi, atakayeupokea hapa Dar ataijua React, hataujua ubunifu wangu. Gharama anailipa mtumiaji wa Mbagala, na hakuna aliyemuuliza. Mstari upite wapi, mpaka leo sijaamua.

Ila kupakia maktaba nzima kwa ajili ya menyu ya kukunja na kukunjua, wakati HTML, lugha ya msingi ya kurasa, inayo tayari kwa jina la details? Hiyo hapana. Hata kwa tarehe ya mwisho ya kesho asubuhi, hapana.